Koyote na risasi ya masafa marefu: Hesabu ya mvutano, hewa na upepo

Mfugaji wa kondoo katika nyanda za Wyoming, Montana au magharibi mwa Texas humjua adui wake kwa sauti kabla ya kumwona. Jua linapotua, mlio mrefu hupanda kutoka mabondeni, ukajibiwa na mwingine, kisha mwingine tena. Asubuhi huenda akakuta mwanakondoo ameumwa kooni na nusu ya mzoga haipo. Mhalifu ni koyote, na aghalabu huwa amesimama mita mia tatu au nne kutoka pale, akitazama.

Umbali huo ndio kiini cha makala haya. Bunduki ya kisasa inaweza kurusha risasi mbali zaidi ya mita mia nne, na darubini ya kisasa inaweza kumleta mnyama karibu hata mtu akahesabu masikio yake. Hata hivyo, baina ya kuona na kupiga kuna elimu nzima, ile wataalamu waiitayo balistiki, yaani elimu ya mwendo wa risasi. Asiyeijua hujeruhi mnyama na kumwacha akafie vichakani baada ya siku kadhaa, na kondoo wa mfugaji hawi salama zaidi kwa sababu hiyo.

Koyote, ambaye wanasayansi humwita Canis latrans, ni mnyama wa jamii ya mbwa anayepatikana kuanzia Alaska hadi Panama. Jina lake limetokana na neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, likapitia Kihispania cha Mexico kabla ya kuingia katika Kiingereza. Msomaji wa Kenya na amfikirie kama mbweha mgongo-mweusi aliyeongezewa mwili kidogo. Koyote wa magharibi mwa Marekani huwa na uzani wa kati ya kilo 9 na 16 hivi, ingawa manyoya yake mazito ya majira ya baridi humfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo. Hapo ndipo mitego ya macho inapoanza. Sehemu ya kifua yenye moyo na mapafu, ambayo mwindaji mwadilifu huilenga ili mnyama afe papo hapo, haizidi sana sentimita 15 hadi 20 kutoka juu hadi chini. Ni kama sahani ndogo ya chai. Manyoya yanayoizunguka hayana kitu ndani.

Serikali ya Marekani imepigana na mnyama huyu kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1931 iliipa Wizara ya Kilimo mamlaka ya kudhibiti wanyama waharibifu, na kitengo chake kiitwacho Wildlife Services kimekuwa kikiua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka kwa mitego, bunduki na hata kwa kuwapiga risasi kutoka kwenye ndege. Zamani sumu ndiyo iliyotegemewa zaidi. Februari 1972 Rais Richard Nixon alipiga marufuku sumu hizo katika ardhi za umma na katika miradi ya serikali kuu, kwa vile zilikuwa zikiua tai na wanyama wengine wasio na hatia. Baadhi ya makatazo hayo yalilegezwa baadaye.

Mbali na watumishi wa serikali, wako wawindaji wa kawaida. Mbinu yao kuu ni kumwita mnyama. Mwindaji hujificha, kisha hupuliza filimbi au hucheza kwa kipaza sauti mlio wa sungura aliyeumia. Koyote mwenye njaa huja mbio. Lakini koyote aliyekwisha kuitwa na kuponea chupuchupu hasahau. Huyo husimama mbali, huzunguka ili upepo umletee harufu, na asiporidhika hasogei hata hatua moja zaidi. Mwindaji aliyemwita vizuri humpiga akiwa chini ya mita 150, na kwa umbali huo hesabu zote zitakazofuata hazina kazi kubwa. Ni yule anayesimama mbali anayemlazimu mtu kuwa mwanahesabu.

Risasi huanguka tangu inapotoka

Watu wengi hudhani kwamba risasi huenda moja kwa moja kama uzi ulionyooshwa, kisha ikichoka huanza kushuka. Sivyo. Mara tu inapotoka mtutuni, nguvu ya mvutano wa ardhi huivuta chini sawasawa na vile ambavyo ingelivuta jiwe lililoachiliwa kutoka mkononi. Tofauti ni kwamba risasi husafiri mbali mno kabla haijafika chini. Galileo aliueleza mwendo wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ili risasi ifike kunakotakiwa, mtutu huelekezwa juu kidogo ya mstari wa jicho, nayo risasi huupanda mstari huo, huuvuka, kisha huushuka tena.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Risasi ya .223 Remington ni ya kawaida sana miongoni mwa wawindaji wa koyote. Kichwa chake chenye uzani wa gramu 3.6 hivi hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 988 kwa sekunde. Bunduki ikiwa imeoanishwa na darubini yake ili risasi ipige kwenye alama kwa umbali wa mita 183 (yadi 200), risasi hiyo itakuwa imeshuka sentimita 18 hivi chini ya mstari wa jicho ifikapo mita 274. Kwa mita 366 itakuwa chini sentimita 54. Kwa mita 457 itakuwa chini zaidi ya mita nzima, yaani sentimita 115.

Msomaji aziangalie namba hizo kwa makini. Kutoka mita 274 hadi 366 risasi imepoteza sentimita 36. Katika umbali uleule unaofuata imepoteza sentimita 61. Mwinamo wake unazidi kuwa mkali kila inapoendelea, na ndiyo maana kosa la kukadiria umbali ambalo karibu halina madhara, mbali huwa balaa. Mwindaji anayekisia kuwa koyote yuko mita 410, kumbe yuko mita 457, atapiga chini kwa takriban robo mita. Risasi itapita chini ya tumbo au, vibaya zaidi, itavunja mguu.

Kwa sababu hiyo kipima umbali cha leza, kilichoanza kuenea miongoni mwa wawindaji katika miaka ya 1990, kimebadilisha uwindaji huu kuliko bunduki yoyote mpya. Hakuna tena haja ya kukisia. Lakini nacho kina hila zake. Mwali wake unaweza kugonga nyasi zilizo mbele ya mnyama, au kumpita ukagonga kilima kilicho nyuma yake, nacho kifaa kikatoa jibu kwa uhakika uleule. Wazoefu hupima mapema jiwe, kigingi cha ua na kichaka kilichoko uwandani, kabla hawajaanza kuita, ili koyote atakapojitokeza wawe tayari wanajua anasimama wapi.

Ipo njia nyingine, ya watu wasiopenda vifundo na majedwali. Bunduki huoanishwa mbali kidogo, tuseme mita 220 hivi kwa risasi hii, ili njiani isipande wala isishuke zaidi ya sentimita saba na nusu kutoka mstari wa jicho. Hadi karibu mita 250 mwindaji hulenga katikati ya kifua na kufyatua, bila hesabu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo mbinu inayowafaa wawindaji wengi, japo wauzaji wa darubini za bei ghali hawatawaambia hivyo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Hewa si kitu chepesi

Galileo alijua kwamba hewa hupinga mwendo, lakini ukubwa wa upinzani huo ulifahamika baadaye. Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu alichochapisha mwaka 1742, alipima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye pembea nzito na kuangalia pembea hiyo ilivyorudi nyuma. Aligundua kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu nyingi kupita walivyodhani watu wa zama zake. Risasi yetu ya mfano inayotoka kwa mita 988 kwa sekunde hufika mita 457 ikiwa na mita 490 hivi tu. Nusu ya kasi imekwenda, na kwa kuwa nguvu ya mgongano hutegemea mraba wa kasi, robo tu ya nguvu ndiyo iliyobaki.

Si kila risasi huteseka sawa. Iliyo ndefu, nzito na yenye ncha kali hupenya hewa vizuri zaidi kuliko fupi na nyepesi, na sifa hiyo hupewa namba ambayo watengenezaji huichapa kwenye kisanduku. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo risasi inavyohifadhi kasi yake. Mnunuzi aangalie tu kwamba kuna vipimo viwili, kile cha zamani cha G1 na kile cha G7 kinachofaa zaidi risasi ndefu za kisasa zenye kitako kilichochongoka. Namba ya kimoja haiwezi kulinganishwa na ya kingine, na ukiingiza ya G1 mahali pa G7 katika programu ya simu utapata majibu ya ajabu.

Darubini na vifundo vyake

Darubini ya bunduki haiongezi uwezo wa risasi hata kidogo. Kazi yake ni kumwonyesha mlengaji mahali, na kumwezesha kuhamisha mahali hapo kwa kipimo kinachojulikana. Uwezo wa kukuza umbo, unaosifiwa sana madukani, una umuhimu wa pili. Kinachotakikana kwanza ni kwamba kifundo kikizungushwa mara kumi, alama ihame mara kumi kamili, na kikirudishwa, nayo irudi ilipokuwa. Darubini nyingi za bei nafuu hushindwa jaribio hilo, ambalo ni rahisi kulifanya uwanjani kwa karatasi ndefu na rula.

Vipimo vinavyotumika ni viwili, na vyote ni vya pembe. Cha kwanza ni dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa mita 100 pembe hiyo ni sawa na sentimita 2.9. Cha pili ni miliradiani, ambayo kwa mita 100 ni sentimita 10 kamili. Kwa sisi tuliozoea mita na sentimita, miliradiani ni rahisi mno: kila mlio mmoja wa kifundo huwa ni sehemu moja ya kumi, yaani sentimita moja kwa mita 100, mbili kwa mita 200, na kuendelea. Turejelee mfano wetu. Kwa mita 366 risasi imeshuka sentimita 54. Ukigawanya kwa 36.6 unapata takriban miliradiani moja na nusu, yaani milio kumi na mitano ya kifundo. Mwenye darubini ya dakika, ambayo kila mlio wake ni robo dakika, atazungusha milio ishirini hivi.

Badala ya kuzungusha, mlengaji anaweza kutumia vijialama vilivyochorwa ndani ya kioo chini ya msalaba wa kulengea. Hapa kuna shimo ambalo wengi wametumbukia. Katika darubini za aina moja, vijialama hukua na kupungua pamoja na picha, na kwa hiyo vipimo vyake ni vya kweli wakati wote. Katika aina nyingine vijialama havibadiliki ilhali picha inakua, na hivyo huwa vya kweli kwa kiwango kimoja tu cha ukuzaji, mara nyingi kile cha juu kabisa. Ukipunguza ukuzaji kutoka 16 hadi 8, alama iliyokuwa ya miliradiani moja sasa inafunika mbili. Mwindaji aliyepunguza ukuzaji ili apate kuona uwanda wote, kisha koyote akatokea ghafla, husahau kuurudisha. Risasi hupita juu ya mgongo naye hubaki akilaumu bunduki.

Jambo jingine ni paralaksi. Jicho likisogea kidogo nyuma ya kioo, msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha, kama saa ya ukutani inavyosomeka tofauti ukiiangalia kutoka pembeni. Darubini nzuri ina kifundo cha tatu cha kurekebisha hali hiyo kulingana na umbali.

Upepo

Yote yaliyotangulia yanaweza kupimwa. Mvutano wa ardhi ni uleule asubuhi na jioni. Umbali unasomwa kwa leza. Mbano wa hewa na joto lake husomwa kwa kifaa kinachoingia mfukoni. Upepo ndio unaobaki kuwa fumbo, nao ndio unaowakosesha wawindaji wengi zaidi ya kitu kingine chochote.

Watu hufikiri kwamba upepo huisukuma risasi pembeni kama unavyopeperusha karatasi, na kwamba risasi inayofika upesi ndiyo inayosukumwa kidogo. Ukweli una mzunguko wake. Kinachohesabika ni ule muda ambao risasi imechelewa kwa sababu ya hewa. Mahali pasipo hewa risasi yetu ya .223 ingefika mita 366 kwa sekunde 0.37. Hewani huchukua takriban sekunde 0.49. Imechelewa kwa sekunde 0.115 hivi. Zidisha muda huo kwa kasi ya upepo unaokata njia kutoka pembeni. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao hutikisa majani na vitawi vidogo bila kukoma na ambao katika nyanda zile ni wa kawaida, ni sawa na mita 4.5 kwa sekunde. Jibu ni sentimita 52.

Nusu mita, kwa shabaha yenye upana wa sahani ya chai. Na hata mwindaji aliyeukadiria upepo vizuri, akakosea kwa kilomita 5 tu kwa saa, atakwenda kando kwa sentimita 16. Inatosha kuhamisha risasi kutoka moyoni hadi tumboni.

Sasa tulinganishe na risasi nzito zaidi, 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007. Ikiwa na kichwa kirefu cha gramu 9.3, hutoka mtutuni polepole zaidi, mita 823 hivi kwa sekunde. Hufika mita 366 karibu wakati uleule na mwenzake mdogo. Lakini kwa kuwa hewa imeichelewesha kidogo tu, upepo uleule huihamisha sentimita 24 hivi, chini ya nusu. Anayetaka kupiga mbali hununua umbo la risasi kwanza, kasi baadaye. Gharama yake ni kwamba bunduki hiyo hupiga teke zaidi, na mlengaji hushindwa kuiona risasi ikitua kwa sababu picha imeruka ndani ya darubini. Fauka ya hayo, huharibu ngozi, na wako wanaowinda kwa ajili ya ngozi.

Upepo unasomwaje basi? Kipimaupepo cha mkononi husema ukweli wa mahali pale mwindaji aliposimama tu. Kwa koyote ng'ambo ya bonde upepo unaweza kuwa unavuma kinyume. Wazoefu huangalia nyasi katikati ya njia, vumbi, na hasa mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayochezacheza juu ya ardhi. Yakipanda wima, upepo umetulia au unavuma kuelekea au kutoka kwa mlengaji. Yakilala upande mmoja, unavuma kuelekea huko. Darubini yenye ukuzaji mkubwa huyaonyesha vizuri, ingawa siku ya jua kali huyaonyesha vizuri mno hata mnyama mwenyewe akawa kama anayeogelea. Upepo wa karibu na mlengaji una athari kubwa zaidi kuliko ule ulio karibu na mnyama, kwa kuwa risasi iliyopotoshwa mapema ina safari ndefu ya kuendeleza upotovu huo. Nao upepo wa mshazari wa digrii 30 kutoka mbele huhesabiwa nusu.

Mengine yanaweza kupitiwa haraka. Juu milimani hewa ni nyepesi, na risasi iliyooanishwa pwani itapiga juu kidogo ikipelekwa Wyoming, sawa na vile mpira wa gofu unavyokwenda mbali zaidi Nairobi kuliko Mombasa. Baridi kali huifanya hewa kuwa nzito na hupunguza kasi ya baruti, na majira ya ngozi nzuri ndiyo majira ya baridi. Ukipiga kuelekea bondeni au mlimani, hesabu umbali wa mlalo: mita 400 kwa mwinamo wa digrii 30 huhesabiwa kama 346. Bunduki ishikwe wima bila kuinama upande. Kuhusu mzunguko wa dunia, ambao mabingwa wa mazungumzo hupenda kuutaja, kwa masafa ya koyote hauna uzito wowote.

Mnyama naye ana lake

Katika sekunde 0.49 koyote anayetembea mwendo wa kawaida, tuseme mita moja na nusu kwa sekunde, huwa amesogea sentimita 73. Akichukua hatua moja baada ya kidole kubonyeza kifyatulio, hakuna darubini wala kompyuta inayoweza kuirudisha risasi. Kwa hiyo masafa marefu ni ya mnyama aliyesimama tu, na mlengaji aliyelala chini au aliyeegemeza bunduki mahali imara. Bunduki inayopiga ndani ya dakika moja ya pembe ikiwa mezani uwanjani, yaani kundi la sentimita 10 au 11 kwa mita 366, inaweza kutawanya risasi mara tatu ya hapo ikiwa mikononi mwa mtu anayehema baada ya kupanda kilima kwenye theluji.

Kisha kuna suala la ni mnyama gani huyo. Katika majimbo ya Arizona na New Mexico wapo mbwamwitu wa Mexico, na huko North Carolina wapo mbwamwitu wekundu. Wote wanalindwa na sheria ya serikali kuu, na wote kwa mbali hufanana na koyote. Mbwa wa jirani naye hufanana. Hapa darubini ina manufaa makubwa, lakini utambuzi ufanywe kwa darubini ya mkononi. Anayetumia ile ya bunduki kuchunguza kitu asichokijua huwa tayari amekielekezea mtutu.

Risasi iliyokosa haipotei. Hata hii ndogo ya .223 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 ikiinuliwa juu, na nyanda zinazoonekana tupu zina nyumba, ng'ombe na barabara. Koyote aliyesimama kwenye ukingo wa kilima, mgongo wake ukiwa angani, hapigwi hata kama yuko karibu.

Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, imetoa msimamo kwamba kumpiga mnyama kutoka mbali kwa nia ya kujaribu vifaa au kuona mtu anaweza kufika wapi si uwindaji. Ni Roosevelt huyohuyo aliyetua Mombasa Aprili 1909, majuma machache baada ya kuondoka Ikulu, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Klabu hiyo hushughulikia wanyama wakubwa kama kulungu, wala koyote hayumo katika orodha zake, lakini hoja haina sababu ya kubadilika kwa kuwa mnyama ni mdogo. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na kwa Mkenya aishiye nyumbani elimu hii ni ya viwanja vya shabaha pekee.

Na je, risasi hizi zote zinampunguza koyote? Mwaka 1975 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Guy Connolly na William Longhurst, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba ingelazimu kuua takriban asilimia 75 ya koyote kila mwaka, kwa miongo kadhaa mfululizo, ndipo waangamie. Wanaobaki hupata chakula tele na huzaa zaidi. Kumwondoa koyote mmoja aliyezoea kula kondoo kunaweza kumsaidia mfugaji mmoja kwa msimu mmoja. Kuwafyatulia risasi ovyo ovyo hakujaonyesha faida kama hiyo. Baadhi ya majimbo yameharamisha mashindano ya kuua koyote kwa zawadi: California mwaka 2014, Vermont 2018 na New Mexico 2019. Mengine mengi ya magharibi huruhusu koyote kuwindwa mwaka mzima, na kila jimbo lina kanuni zake kuhusu leseni, taa za usiku na vifaa vya kuonea gizani.

Liko pia suala la madini, ambalo katika Kiswahili lina uchekeshaji wake. Lugha yetu huyaita kwa jina moja, risasi, madini yale mazito na kile kitu kinachotoka mtutuni, kwa sababu kwa karne nyingi kimoja kilitengenezwa kwa kingine. Vipande vyake vikibaki ndani ya mzoga huliwa na ndege, na sumu yake imekuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kondori wa California, ndege ambaye mwaka 1982 alikuwa amebakia na idadi ya 22 tu. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 1, 2019 mwindaji yeyote huko, wa koyote akiwemo, analazimika kutumia risasi isiyo na risasi. Nyingi hutengenezwa kwa shaba. Shaba ni nyepesi kuliko madini yale ya zamani, hivyo kichwa cha uzani uleule huwa kirefu zaidi, huhitaji mtutu unaokizungusha kwa kasi zaidi ili kisiyumbe, na jedwali la mwaka jana haliwezi kutumika. Mwindaji hurudi uwanjani kuoanisha bunduki yake upya.